Chini ya Meza ya Fundi Kesho

Mtaani walimwita Fundi Kesho, na jina hilo hakulipata kwa kuonewa. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu, atakuambia njoo Alhamisi. Alhamisi ukifika, utakikuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokikunja wewe, naye anakupokea kwa tabasamu la sikio hadi sikio: "Karibu, karibu! Yako ndiyo naishika sasa hivi. Bado kidogo tu. Njoo kesho." Wateja walimtukana kwa mapenzi, wakaondoka, wakarudi. Watafanyaje, na mkono wake ni mzuri? Suruali yake ikikukaa, imekukaa. Basi watu waliuvumilia uongo kwa ajili ya mshono, naye akazoea hivyo. Akaamini kwamba "bado kidogo" ni neno lisilomuumiza mtu.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukifungukia barabarani. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, nyingine ya umeme, na ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke, yenye kelele utadhani imetukaniwa mama yake. Katikati ilisimama meza ya kukatia, ndefu, imejaa chaki na alama za mkasi. Chini ya meza hiyo ndiko alikoishi binti yake. Nasema aliishi, kwa maana kitandani alikuwa akilala tu.

Binti walimbandika jina la Chiriku angali mchanga, kwa jinsi alivyokuwa akilia na kubwabwaja kutwa nzima. Kisha akanyamaza. Watoto wenzake walipoanza kutaja maji na mama na paka, yeye alikuwa akipanga vifungo sakafuni, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo, na ole wako ukisogeza kimoja. Daktari wa watoto aliwakalisha wazazi akawaeleza taratibu kwamba mtoto ana usonji, si mkaidi wala hakurogwa. Akawaambia pia kwamba asiwadanganye mtu, hakuna dawa ya kumnywesha ili awe mwingine. Jina la Chiriku likabaki. Liliwachoma wazazi kila walipolitamka, lakini utambadilisha mtoto jina kwa sababu hasemi?

Alipotimiza umri wa chekechea walimpeleka, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa mambo. Chiriku aliuma. Aliwauma wenzake wakipiga makofi, aliuma kila kengele ilipolia karibu, alimuuma mwalimu aliyemkumbatia ghafla. Mwalimu mkuu, mwanamume mpole aliyechoshwa na malalamiko ya wazazi, akamwita fundi ofisini. "Baba, mimi sina ubaya na mtoto," akasema. "Lakini akiuma tena, itabidi akae nyumbani."

Na nyumbani alikaa na nani? Mke wa fundi alikuwa akifua mashuka hospitalini, kibarua cha leo upo kesho haupo, na alikuwa ameahidiwa kazi ya kudumu endapo angeweza kuripoti kila asubuhi na kubaki mpaka jioni. Alikuwa ameilia kazi hiyo kwa miaka. Mtoto akibaki shuleni, kazi ipo. Akirudishwa, kazi itakwenda kwa mwingine. Jambo lilikuwa rahisi hivyo, nalo liliwakaa kooni wote wawili.

Aliyewaokoa ni mwalimu wa chekechea mwenyewe, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyokauka kwa kuimbisha watoto. "Haumi kwa ubaya," aliwaambia. "Anauma kwa sababu hana njia nyingine ya kusema imetosha. Tumpe njia. Tumpe kitambaa. Akikiinua, kile kinachomsumbua kinakoma papo hapo, huku darasani na huko nyumbani. Hicho ndicho kinywa chake. Msimfanye aseme mara mbili."

Kitambaa! Kumwambia fundi habari ya kitambaa! Alirudi nyumbani mbio, akakata satini nyekundu, akampa. Chiriku akaiachia kama imemuunguza. Akampa pamba, akaikataa. Mwishowe mtoto mwenyewe aliingiza mkono katika mabaki akatoka na kipande cha flaneli ya buluu, kilichosalia kwenye pajama za mtu. Fundi alikipiga pindo kwa mkono, sindano moja moja, maana mtoto huyo alikuwa hastahimili mshono wa mashine ukimgusa. Nguo zake zote baba alizishona mishono ikiwa nje, watu wakidhani kazivaa kinyume. Mikononi alimtilia lastiki, kwa kuwa alipenda kushikwa-shikwa na nguo. Kwa nguo za binti yake, Fundi Kesho hakuwa na kesho.

Na kitambaa kikafanya kazi, nakwambia! Chiriku akiinua mkono wake kutoka chini ya meza, na ile flaneli ya buluu ikachomoza, fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio hata kama sindano iko katikati ya mshono. "Kelele zinauma," alimwambia, kama alivyofundishwa. "Baba amezima." Wateja walikatiza hadithi zao. Shemeji yake fundi alikuwa akicheka, "Jamani, nyumba hii ina askari wa barabarani!" Kuuma kukakoma. Si hilo tu. Siku moja mteja alikuja na mtoto wake, na Chiriku akatoka hadi ukingoni mwa meza, akamwekea yule mtoto kifungo kiganjani. Akakichukua. Akakiweka tena. Mtoto mgeni akacheka, na Chiriku, ambaye hakumtazama mtu usoni, akamtazama. Fundi ilibidi aingie ndani kama anayetafuta uzi, akajifuta macho kwa kanzu ya mteja.

Ndipo akaja Mama Kwaya.

Mama Kwaya alikuwa kiongozi wa kwaya, mwanamke wa kifua na sauti, na alileta kazi ambayo fundi hajawahi kuiona kwa ukubwa: magauni ya waimbaji wanawake wote, kisha mashati ya wanaume. Alikuwa na tabia yake. Kila gauni la kwanza la kila kipimo alilijaribu mwenyewe na kuimba noti ya juu kabisa palepale dukani, aone kama mshono utahimili. "Gauni lisiloweza kubeba pumzi si gauni," alisema. Na akamnyooshea fundi kidole. "Safari hii, fundi, hizo kesho zako ziweke kabatini."

Basi ovaloki ikaunguruma kutwa. Siku ya kwanza kitambaa kilichomoza, fundi akazima, akapumzika, akaendelea. Kikachomoza tena, akazima. Kikachomoza tena. Magauni yalikuwa yamelundikana mpaka dirishani. Fundi alitazama mkono ule mdogo wenye kipande cha buluu, akatazama lundo, na mdomo wake ukasema wenyewe, kwa sauti ileile tamu ya wateja: "Bado kidogo, mama. Namalizia pindo hili tu."

Aliona. Tusimsingizie, wala tusimtetee, mkono aliuona. Aliuona ukichoka, akaona kitambaa kikihamia mkono wa pili, ukachoka nao. "Bado kidogo, mama." Pindo hilo lilikuwa na pindo jingine nyuma yake, kama kawaida ya pindo. Na siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Hata siku moja Chiriku akatoka chini ya meza bila kelele, akakikunja kitambaa chake mara mbili, kingo kwa kingo kama alivyomwona baba akikunja, akakiweka juu ya meza, akarudi chini. Jioni fundi alipofagia meza, alivikumba vipande vyote akavitia kwenye gunia la yule bwana wa kujaza mito. Buluu ile nayo ikaenda. Pengine mpaka leo kuna mtu amelaza kichwa juu yake.

Baada ya hapo, kimya. Ovaloki ilinguruma, Mama Kwaya akapandisha sauti mpaka vioo vikatetemeka, na chini ya meza hapakuwa na kitu. Hakuna mkono, hakuna kilio. Chekechea nako kimya. Mama mkwe alikuja kuwasalimia, akainama akamwona mjukuu amekaa tuli, akajipiga kifua. "Si nilisema? Mwacheni tu, atakua! Ona alivyotulia." Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Lakini nani ana nafasi ya kuwasikiliza wahenga, siku ambayo hatimaye nyumba imetulia na magauni yanakwenda? Watu wazima waliochoka huupokea utulivu kwa mikono miwili na hawaulizi umetoka wapi.

Mwalimu peke yake aliuliza. "Kitambaa chake sikioni siku hizi."

"Hakihitaji tena, mwalimu," fundi akajibu, kifua mbele.

Mwalimu alimtazama Chiriku aliyekaa kwenye mkeka, mikono ndani ya mikono ya nguo. "Labda," akasema. Halafu mtoto mwingine akamwaga uji, akaondoka kwenda kupangusa.

Haukupita muda, mwalimu mkuu akamwita tena fundi, mara hii kwa bashasha. Mtoto amebadilika, alisema. Muhula ujao ataingia darasa la kwanza, siku nzima kama wengine. Mke aliposikia, alikaa chini sakafuni palepale jikoni, akacheka huku ameshika mwiko. "Nitawaambia kesho hospitalini," alisema. "Nitawaambia niandikeni." Fundi akachukua kitambaa cha sare, kizuri, alichokiweka kando siku nyingi, akamwita Chiriku aje kupimwa.

Kupimwa Chiriku alikupenda. Alisimama wima huku futi ikimzunguka kifua, ikimbana kidogo, akafumba macho kwa raha. Mabega. Urefu. Fundi alikuwa akiimba kimoyomoyo wimbo wa Mama Kwaya. Akapandisha mkono wa nguo ili apime mzingo wa mkono, juu ya kiwiko, na futi ikasimama.

Palikuwa na alama. Si mstari unaozunguka, kama wa lastiki. Nusu duara, na nusu nyingine ikiitazama, vidoa vidogo vilivyopangana. Nyingine zimefifia rangi ya chai, nyingine mbichi. Akapandisha mkono wa pili. Huko nako zimejaa. Fundi alizijua. Alikuwa nazo mwilini mwake enzi zile kabla ya kitambaa, na watoto wa watu walikuwa nazo, na ndizo zilizompeleka ofisini kwa mwalimu mkuu. Meno yalikuwa yaleyale.

Akamwita mkewe. Mke alikuja, akatazama, akasema haraka, "Hizo ni lastiki. Nilizionaga nikimwogesha. Si nilikwambia uzilegeze? Ukasema bado kidogo."

"Lastiki haina meno," fundi akasema.

Mke aliinama akatazama vizuri. Kisha akaushusha mkono wa nguo polepole, kama anayefunika mtu aliyelala, akarudi jikoni.

Hata hapo fundi alitaka kujidanganya. Labda ni mtoto wa shule aliyemuuma. Asubuhi aliwasha ovaloki, akaiacha ingurume bila kazi, akainama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi sote tunaujua msemo huo, lakini mtu huyu alikuwa hajainama chini ya meza yake tangu magauni yaanze. Chiriku alikuwa amejikunja kwenye pembe. Mkono wa nguo umevutwa juu, mkono wenyewe uko kinywani, macho yamefumbwa kwa nguvu. Alikuwa akijiuma, akitetemeka, na hakutoa hata pumzi ya kusikika.

Fundi alizima mashine. Alikaa sakafuni, na uchovu wote wa siku zile ukamwangukia kwa pamoja. Mtoto alikuwa hajatulia. Alikuwa amemkatia tamaa baba yake.

Wakagombana, yeye na mkewe, mchana kweupe, kwa kunong'ona ili mtoto asisikie. "Ukimwambia mwalimu mkuu, nafasi imekwenda," mke alisema. "Na kazi yangu imekwenda. Tumtunze wenyewe. Tumfunge vitambaa mikononi."

"Akifungwa mikono atauma nini?"

"Sijui! Mimi sijui, baba Chiriku. Nimechoka. Nina haki ya kuchoka au sina?"

"Unayo."

"Basi usiniangalie hivyo."

Mke aliosha masufuria safi, akayaosha tena. Mwisho akasema bila kugeuka, "Nenda kamwambie. Lakini usiniambie nifurahi."

Mwalimu wa chekechea aliposikia, aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni. "Niliona ametulia," alisema. "Nikashukuru, baba. Nina watoto wengi, na mmoja alikuwa ametulia. Sikuuliza." Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu kwelikweli, akajifuta uso akaanza upya. Mtoto alisema na hakusikilizwa, alieleza, kwa hiyo sasa neno lazima lianze kwetu. Usingoje ainue kitu. Mwangalie mkono wa nguo. Ukiona unapanda, zima, kaa chini, mwambie kelele zinauma. Kila mara. "Mpaka aamini tena kwamba ukimwita mtu, mtu anakuja."

"Itachukua muda gani?"

"Ningekuwa najua ningekuambia."

"Na akirudia kuuma watu?"

"Tutamfundisha njia nzuri zaidi. Lakini asiyetegemea kusikilizwa huwezi kumfundisha kusema."

Mwalimu mkuu hakumfukuza, hilo tumshukuru. Ila darasa la kwanza likafutwa. Chiriku angebaki chekechea muhula mwingine, nusu siku, wapate kumwangalia. Hospitalini wakamchukua mtu mwingine. Mke wa fundi akaendelea na kibarua chake cha asubuhi, na kwa siku nyingi alikuwa akimpa mumewe chakula bila kumwambia karibu.

Na kazi ya fundi, jamani, ilikwenda kwa kuchechemea. Mshono kidogo, ainame. Mshono kidogo, ainame. Mgongo ukamlalamikia kama mzee. Mkono wa nguo ukianza kupanda, alizima, akaingia chini ya meza na mwili wake wote mkubwa, akasema maneno yaleyale. Chiriku alimpa mgongo. Alimshonea kitambaa kipya cha flaneli ya buluu. Mtoto alikisukuma kwa mguu. Mama Kwaya aliyesubiri mashati alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, hiyo mashine ina kwikwi? Inanguruma, inanyamaza, inanguruma, inanyamaza!"

"Ina mwenyewe, mama," fundi alijibu, kichwa kikiwa mvunguni.

Kuna siku alitamani kuacha. Si kuacha mtoto, la, kuacha kuinama. Alitamani mtu mwingine ainame badala yake, japo mara moja. Hapakuwa na mtu. Mke alipokuwepo aliinama yeye, wakapokezana bila kuongea, na taratibu chakula kikaanza kuja na karibu.

Alasiri moja Mama Kwaya alikuja kuyachukua mashati. Lilikuwa limebaki moja, mkono mmoja wa shati moja. Akakaa kwenye kigoda akijiimbia, mwanzo chini, kisha wimbo ukampanda mwenyewe kama unavyowapanda waimbaji. Fundi aliwasha ovaloki. Alikuwa ameinama muda si mrefu uliopita, mkono wa nguo ulikuwa chini, akajiambia mshono huu ni mfupi.

Akahisi suruali yake imeshikwa. Kabla hajaondoa mguu, Chiriku alikuwa ametoka chini ya meza, amesimama, na amepiga ukelele ambao nyumba ile ilikuwa imeusahau. Wimbo wa Mama Kwaya ukakatika. Kisha mtoto akamvamia baba yake na kumuuma mkono, karibu na kiwiko, kwa nguvu zake zote.

Fundi aliizima mashine. "Kelele zinauma," akasema. "Baba amezima. Baba amesikia."

"Mungu wangu, amerudia mambo yake!" Mama Kwaya alikuwa amesimama. "Maskini, na alivyokuwa ametulia! Mwondoe, fundi, atakutoa damu!"

"Mwache."

"Anakuuma!"

"Ananiuma mimi," fundi alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka na wala hakutafuta uzi. "Mwangalie mikono, mama. Hajajiuma. Alikuwa chini ya meza, akatoka akanitafuta mimi."

Mama Kwaya hakuelewa. Alitazama mikono ya mtoto, midogo, inaning'inia tu, nguo imeshuka mpaka vifundoni. Alimtazama baba. Kisha akavuta kigoda chake taratibu, akakaa, akashika mdomo wake kwa kiganja.

Chiriku aliachia. Akasimama pale akihema, halafu akaweka paji la uso wake juu ya mahali palepale alipouma, akaliegemeza, na uzito wake wote ukaja nao. Fundi alikuwa amekaa upande upande kwenye kiti, mguu mmoja umepinda, mkono ukimuuma mpaka begani. Mguu ukafa ganzi. Alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani mwake, na hakusogea.